Anasikia, Ila Bado Haelewi: Kipandikizi cha Koklea Ndani ya Ndoa

Siku kipandikizi cha koklea, kifaa cha kusikia kinachowekwa ndani ya sikio kwa upasuaji, kinapowashwa kwa mara ya kwanza, mume aghalabu huwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, simu ikiwa tayari mkononi ili arekodi tukio zima. Mtaalamu wa usikivu anabonyeza kitufe kwenye kompyuta, mke anashtuka kidogo, kisha mume anaambiwa azungumze. Anaita jina la mkewe, jina ambalo kwa miaka kadhaa amelitamka bila kuitikiwa mpaka amguse bega. Mke anamkazia macho mdomoni, anakunja uso, anasema, "Kila ukifungua mdomo nasikia kitu kama kengele ndogo." Mume anashusha simu. Njiani wakirudi nyumbani hakuna anayezungumza, kana kwamba wanatoka msibani, ilhali hakuna lililoharibika: kwa mtu mzima aliyepoteza usikivu baada ya kuishi nao miaka mingi, kengele hiyo ndogo ni dalili kwamba kifaa kinafanya kazi na kwamba neva imeitika.

Kosa liko katika matarajio, na matarajio yenyewe yana chanzo. Video fupi zinazosambaa mitandaoni huonyesha sekunde chache za machozi ya furaha, kisha hukatika kabla miezi inayofuata haijaanza. Lugha yetu nayo inachangia. Kitenzi "kusikia" kimebeba mizigo mingi: tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia maumivu, na mzazi anapomuuliza mtoto "umesikia?" hataki kujua kama sauti imefika masikioni, anataka kujua kama agizo limeeleweka na litatekelezwa. Kwa hiyo jirani anapouliza, "Sasa mkeo anasikia?" anauliza maswali mawili kwa mpigo, na majibu yake hayafanani. Sauti inafika tangu siku ile ya kwanza. Maana huchelewa, na kuchelewa huko hakuelezeki bila kwanza kuingia ndani ya sikio.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo hupiga kiwambo cha sikio, huvuka vifupa vitatu vidogo, na kuingia katika koklea, ambayo ni mrija wa mfupa uliojaa majimaji na kujisokota kama kombe la konokono, mizunguko kama miwili na nusu. Ungenyooshwa, urefu wake ungekuwa karibu milimita 35 tu. Ndani ya mrija huo zimepangwa seli zenye vinyweleo. Zipatazo 3,500 kati yake, zilizokaa safu moja upande wa ndani, ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara na kuikabidhi kwa neva ya kusikia. Nyingine kama 12,000, za upande wa nje, kazi yake ni kuukuza mtikisiko ili zile za ndani ziupate vizuri. Kila sehemu ya mrija ina sauti zake: mlangoni hupokelewa sauti nyembamba, kileleni sauti nzito, kama kinanda kilichokunjwa. Uzee, kelele za miaka mingi, homa ya uti wa mgongo, urithi wa kijeni na baadhi ya dawa huziua seli hizo, na kwa binadamu seli iliyokufa hapo haioti tena.

Hapa ndipo shimesikio na kipandikizi vinapoachana. Shimesikio hukuza sauti, lakini bado huzitegemea seli zilezile zilizobaki. Zikiwa zimekwisha, kuongeza sauti ni kumpigia hodi mwenye nyumba aliyehama. Kipandikizi cha koklea huziruka kabisa na kuigusa neva kwa umeme, kwa kuwa neva hiyo, yenye nyuzi zipatazo 30,000, mara nyingi hubaki hai kwa kiasi cha kutosha hata baada ya seli kufa. Kichakata sauti kinachovaliwa nyuma ya sikio hunasa sauti kwa maikrofoni, huichambua nzito na nyembamba, kisha huipeleka kwa mawimbi ya redio kupitia kisahani kilichoshikiliwa na sumaku juu ya ngozi ya kichwa. Chini ya ngozi kuna kipokezi, na kutoka kwenye kipokezi hicho waya mwembamba huingia ndani ya koklea ukiwa na elektrodi, yaani vituo vidogo vya kutolea umeme, kati ya 12 na 22, kutegemea mtengenezaji. Msomaji alinganishe mwenyewe: kazi iliyokuwa ya seli 3,500 sasa ni ya vituo visivyozidi 22, tena vituo ambavyo umeme wake husambaa kwenye majimaji na kuingiliana na wa jirani, hata watumiaji wengi wasipate nyongeza yoyote ya maana baada ya vituo kama 8.

Kwamba kitu cha namna hiyo kinaweza kubeba maneno, wataalamu wengi hawakuamini kwa muda mrefu. Alessandro Volta, aliyevumbua betri, alijitia fimbo za chuma masikioni na kuziunganisha na betri yake, na katika maelezo aliyoyatoa mwaka 1800 alisimulia mshtuko kichwani uliofuatwa na mlio kama wa kitu kizito kinachotokota. Jaribio hilo hakupenda kulirudia. Mjini Paris, mwaka 1957, André Djourno na Charles Eyriès walimwekea mgonjwa waya kwenye neva ya kusikia, naye akasikia milio. Kule Los Angeles, William House alianza majaribio yake mwaka 1961, na kifaa chake chenye elektrodi moja tu kiliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1984. Elektrodi hiyo moja iliwapa watu mdundo wa mazungumzo, mlango unaogongwa, honi ya gari, na ikawarahisishia kusoma midomo, lakini haikuwapa maneno. Ilihitajika waya wenye elektrodi nyingi ambao ungepenya ndani ya koklea bila kuikwangua, na jibu moja Graeme Clark wa Australia alilipata ufukweni akiwa mapumzikoni mwaka 1977, alipokuwa akisukuma jani la nyasi ndani ya kombe na kuona kwamba jani lenye ncha laini na shina gumu kidogo hufika mbali zaidi. Mgonjwa wake wa kwanza alipandikizwa mjini Melbourne mwaka uliofuata. Mjini Vienna, Ingeborg na Erwin Hochmair walikuwa wamemtangulia kwa miezi michache kwa kifaa chao wenyewe cha elektrodi nyingi. Kisha mwaka 1991 Blake Wilson na wenzake walichapisha njia ya kuzipokezanisha elektrodi ili zisiwake kwa pamoja na kuvurugana, na hapo uelewa wa maneno ukapanda kwa kiwango ambacho wengi hawakukitazamia.

Ushahidi unaonivutia zaidi, hata hivyo, haukutoka kwa watumiaji wa kifaa. Mwaka 1995 Robert Shannon na wenzake waliwasikilizisha watu wenye masikio mazima mazungumzo yaliyovuliwa karibu kila kitu, yakabaki mikanda minne tu ya kelele, kuanzia nzito hadi nyembamba, inayopanda na kushuka kufuata mwendo wa maneno. Baada ya mazoezi mafupi, watu hao walielewa sehemu kubwa ya sentensi palipokuwa kimya. Kumbe ubongo hauhitaji sauti nzima. Unahitaji vipande vya kutosha na muda wa kuvizoea, na neno la kushika hapo ni muda.

Upasuaji wenyewe, ambao familia huuogopa zaidi, hauhitaji maelezo marefu. Mgonjwa hupewa nusukaputi, daktari huchimba njia katika mfupa ulio nyuma ya sikio, na kwa kawaida kazi humalizika kwa saa mbili au tatu. Njia hiyo hupita karibu na neva ya uso na neva ya ladha, ndiyo maana wengine hulalamikia ladha ya chuma mdomoni au kizunguzungu kwa siku kadhaa. Chanjo za kukinga homa ya uti wa mgongo hutolewa, kwa kuwa hatari ya ugonjwa huo huongezeka kidogo kwa waliopandikizwa. La kuzingatia zaidi ni kwamba usikivu mdogo uliokuwa umebaki katika sikio hilo unaweza kupotea kabisa, na kwamba kati ya upasuaji na siku ya kuwasha kifaa huwa kuna wiki chache za kungoja kidonda kipone. Katika wiki hizo mke husikia kidogo kuliko alivyosikia kabla ya kwenda hospitali. Mume ambaye hakuambiwa hilo huanza kujilaumu kwamba ndiye aliyemshawishi.

Sasa turudi kwenye kengele. Waya wa kipandikizi mara nyingi haufiki kilele cha koklea, ambako sauti nzito zina makao yake. Programu ya kifaa, hata hivyo, inapaswa kuzipeleka sauti hizo mahali fulani, kwa hiyo huzikabidhi kwa elektrodi iliyofika mbali kuliko nyingine zote, na elektrodi hiyo imekaa juu ya nyuzi ambazo maisha yote zimezoea kuripoti sauti za juu zaidi. Sauti nzito ya mume inatua katika nyumba ya sauti nyembamba. Ubongo wa mke, ambao bado unaikumbuka sauti ile kama alivyoisikia zamani, unapokea kitu kisichofanana na kumbukumbu yake, na unasema ukweli unaposema kwamba huyu si yeye. Siku na wiki zinavyopita, ubongo huanza kuhamisha alama zake. Wengi husimulia kwamba kengele iligeuka kuwa sauti ya katuni, katuni ikawa roboti, na asubuhi moja, pasipo mtu kujua ni lini hasa, roboti akawa mume.

Mabadiliko hayo hayatokani na kifaa peke yake, na hapa mwenzi ana kazi ya kufanya. Ya kwanza ni ndogo hata inachekesha. Mke anasimama katikati ya jikoni, mkono umeinuliwa, anauliza, "Nini hicho?" Mume anasikiliza na kujibu kwamba hakuna kitu. Mke anasisitiza kuwa kipo, kinavuma, hakikatiki. Mume anasikiliza tena, safari hii kwa makini, na ndipo anapolisikia friji, ambalo limevuma miaka yote hiyo bila yeye kuligundua. Masikio yake ni mazima. Ubongo wake ndio uliolifuta zamani kwa sababu halina habari mpya. Ubongo wa mke umepoteza orodha hiyo ya vitu vya kupuuzwa, kwa hiyo friji, mfuko wa plastiki, maji ya bomba, karatasi inayokunjwa na nyayo zake mwenyewe vyote vinamjia kwa uzito mmoja na sauti ya mtu anayezungumza naye. Kumtajia kila sauti jina lake, hata ile inayoonekana ya kipuuzi, ni kumsaidia kuiandika upya orodha. Anayejibu "hakuna kitu" anauambia ubongo wa mwenzake kwamba ishara ile ni ya uongo.

Mazoezi ya maneno yanaweza kufanyika mezani kwa nusu saa kwa siku. Mume husoma ukurasa kwa sauti ya kawaida, mke akifuatisha mistari kwa kidole. Mume hunyamaza ghafla, na mke hutaja neno alilofikia. Akishaweza hilo, maandishi huondolewa, na mke hurudia sentensi fupi anazozisikia, akianza na zile ambazo maudhui yake anayajua, kama siku za wiki au majina ya ndugu. Wengi wanaotaka kumzuia mke asisome midomo huweka kiganja mbele ya mdomo, jambo ambalo huharibu sauti yenyewe. Afadhali kukaa ubavuni, upande wa kifaa. Sambamba na hayo, mtaalamu wa usikivu huirekebisha "ramani" ya kifaa, yaani kiwango cha chini kabisa cha umeme kinachosikika na kiwango cha juu kisichoudhi, kwa kila elektrodi. Ramani hubadilishwa mara kadhaa katika miezi ya mwanzo, na mtaalamu hufanya kazi vizuri zaidi anapoletewa daftari lililoandikwa "vijiko vinaumiza" au "herufi s haisikiki" kuliko anapoambiwa kwamba mambo si mabaya. Maendeleo makubwa zaidi huonekana katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo na huendelea mwaka mzima, wakati mwingine zaidi. Aliyekuwa kiziwi kwa muda mfupi hutangulia aliyekaa kimya miongo mingi, na aliyezaliwa kiziwi kisha akapandikizwa ukubwani huwa na safari nyingine kabisa, ambayo mara nyingi haifiki kwenye kuelewa mazungumzo kwa sikio peke yake. Wapo pia Viziwi wasiokitaka kifaa hiki kwa kuwa wana lugha ya alama na jamii iliyowatosha, na hawana haja ya kumweleza mtu sababu.

Jambo ninaloona linaleta misukosuko mingi zaidi nyumbani, kuliko elektrodi na ramani, ni kazi ambayo mume alikuwa akiifanya kwa miaka bila kuiita kazi. Yeye ndiye aliyepokea simu, aliyejibu maswali ya daktari, aliyefupisha mzaha wa meza nzima kwa maneno "nitakueleza baadaye" na pengine asieleze. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa mwaka 2001 kuhusu ulemavu, liligusia hali hiyo kwa jina la ulemavu wa mtu wa tatu: mwenye sikio zima naye anaishi maisha yaliyopunguzwa na uziwi wa mwenzake. Sasa karani dirishani anauliza swali, mke anasikia nusu yake na anahitaji sekunde mbili kuipata nusu nyingine, na katika sekunde hizo mbili mume ameshajibu. Amefanya hivyo kwa wema na kwa mazoea. Mke anaona amenyang'anywa kitu alichofanyiwa upasuaji ili akipate. Kiswahili kinatumia mzizi uleule kusema "kusikilizana", yaani kupatana, na wanandoa wengi hugundua kwamba walikuwa wamejenga masikilizano ya namna fulani juu ya ukimya, yenye mgawanyo wake wa madaraka, ambayo sasa yanatakiwa kuvunjwa na kujengwa upya. Hata manung'uniko aliyozoea mume kuyatoa akiwa amegeuza mgongo, sasa yana msikilizaji. Mke naye amepata silaha mpya, kwani anaweza kukivua kifaa katikati ya ugomvi. Kufanya hivyo ni sawa na kutoka chumbani na kubamiza mlango, na haifai kuhesabiwa pungufu ya hapo.

Kuna mipaka ambayo mazoezi hayaiondoi, na ni heri ijulikane mapema ili isigeuzwe kuwa shutuma. Aliyepandikizwa sikio moja, na jingine halisikii, hawezi kujua sauti inatoka upande gani, kwa sababu ubongo hupima upande kwa kulinganisha masikio mawili. Akiita, "Uko wapi?" na kujibiwa "niko hapa", hajapata jibu, "niko jikoni" ndilo jibu. Watu watatu wakizungumza kwa pamoja, au mtu mmoja akizungumza kutoka upande wa pili wa ukumbi wenye mwangwi, maneno huvurugika, na ndiyo maana vipo vipaza sauti vidogo ambavyo mzungumzaji huvibana kwenye nguo na kuirusha sauti yake moja kwa moja hadi kwenye kifaa. Muziki ni mgumu zaidi. Mdundo hupita vizuri, lakini sauti za juu na za chini za wimbo zinahitaji vituo vingi kuliko vilivyopo, hivyo wimbo unaojulikana huja kama ngoma inayosindikizwa na kelele za vyuma. Waume wengi hutaka kuanza na wimbo ulioimbwa siku ya harusi yao. Wasianze na huo. Sauti moja na ala moja, maneno yakiwa mbele ya macho, ndiyo njia ya kuingilia, na wimbo wa harusi unaweza kungoja mpaka mke mwenyewe auulizie.

Uchovu ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. Mtu mwenye masikio mazima hupokea sentensi ikiwa imekamilika. Mke hupokea vipande na kuziba mapengo kwa kukisia, kukumbuka, na kutazama uso wa anayesema, tena haraka kabla sentensi inayofuata haijafika. Ikifika jioni amefanya kazi hiyo kwa muda wa saa kumi na mbili. Anapokivua kifaa na kukaa kimya, mume aliyerudi na habari za kutwa nzima huona amefungiwa mlango, na wapo wanaokasirika kweli: baada ya yote yale, hataki hata kunisikia? Nyumba zilizoafikiana saa maalumu, kwamba kwa mfano habari za kutwa zizungumzwe mara tu mume anapoingia kisha kila mtu awe huru, hazina ugomvi huo.

Na usiku kifaa huvuliwa kwa vyovyote, kikawekwa kwenye kikasha chake cha kukaushia unyevu, betri zikachajiwa. Aliyelala pale ni kiziwi kama alivyokuwa kabla ya upasuaji, kwa hiyo yale waliyoyabuni zamani, mkono kuminywa mara mbili kumaanisha mtoto analia, herufi zinazoandikwa kwa kidole kiganjani, yanabaki na kazi yake. Lenye maneno mengi linasemwa kabla taa haijazimwa, au linangoja asubuhi.